Uso usichuruzike: tangu komini hadi karamu ya usiku



Mvua imekoma hapa Lubumbashi na majira ya ndoa yamerudi. Kila siku ya posho misafara ya magari yenye maua inapita ikipiga honi, na karibu kila mmoja wetu ana kikwembe cha ndoa ya fulani kinachongoja fundi. Ndiyo sababu juma hizi ulizo moja limerudi katika mikutano yetu kuliko mengine yote: «Mama, nifanye nini ili makiyaji yasimame? Ninatoka nyumbani nimependeza, na kufika kanisani uso unang'aa kama kikaango cha makayabo.»

Tuseme ukweli kwanza. Ndoa ya kwetu ni siku ndefu. Bibi-arusi anaketi mbele ya mpambaji alfajiri. Asubuhi ni komini, na pale anasimama pamoja na wachumba wengine kungoja mkubwa wa komini avae mshipi wake wa rangi za bendera. Kisha ni kanisa, kisha picha juani, kisha kukumbatiwa na shangazi wote wa pande mbili, kisha ukumbi mpaka keki ikatwe usiku. Hesabu mwenyewe: ni saa kumi na nne, pengine zaidi. Juu ya ngozi yenye mafuta, katika ukumbi uliojaa watu wanaocheza, hakuna makiyaji yatakayosimama muda huo wote bila kuguswa, hata kama kwenye paketi wameandika saa 24. Mwenye kukuambia vingine ana kitu cha kukuuzia.

Kwa hiyo kugusa utagusa. Shida ni namna tunavyogusa. Mafuta yanapaswa kutolewa kwanza, ndipo pudri ifuate, na wengi wetu tunafanya kinyume. Tunaona uso unang'aa, tunafungua pudri, tunapiga. Pudri ikikuta mafuta inageuka tope. Baada ya saa moja inang'aa tena, tunapiga nyingine juu ya tope lile, na kufika jioni kuna ukoko puani na mifereji pembeni ya mdomo. Halafu tunalaumu pudri.

Mafuta yenyewe si uchafu. Chini ya ngozi kuna tezi ndogo zinazoyatoa kupitia vitundu vya vinyweleo, nazo ni nyingi zaidi kwenye paji la uso, puani na kidevuni. Kazi yake ni kulinda ngozi isikauke. Kuna waliozaliwa na tezi zenye bidii kuliko za wenzao, na homoni za ujana na za mwezi zinaziamsha zaidi. Hakuna sabuni inayoweza kuzifunga. Mwenye kusugua uso mara tano kwa siku kwa sabuni ya kufulia anajichosha bure. Mwenye kupaka limau anajitafutia taabu kubwa zaidi: maji ya limau yakibaki kwenye ngozi na jua likayapiga, yanaweza kuunguza na kuacha alama nyeusi za miezi mingi. Nawa mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, na mara nyingine tena ukitoka jasho jingi. Tumia sabuni laini. Uso ukikaza kama ngozi ya ngoma baada ya kunawa, sabuni hiyo ni kali kwako.

Sasa kuhusu mafuta tunayojipaka sisi wenyewe. Kwetu, mtoto akitoka nje bila kupakwa mafuta, watu wanauliza kama hana mama. Ngozi iliyopauka ni aibu ya nyumba nzima. Tumelelewa hivyo, na kwa mikono na miguu ni desturi nzuri, hasa katika baridi kavu ya mwezi wa sita na wa saba. Lakini pomadi ileile nzito ya miguu tunaimalizia usoni, juu yake tunaweka fondoteni, kisha tunashangaa inateleza. Nani aliona rangi ikishika kwenye ukuta uliopakwa vazelini? Ngozi ya mafuta nayo inahitaji unyevu, ila iupate kwa krimu nyepesi, ile yenye maji, ambayo kwenye etiketi imeandikwa «sans huile», yaani haina mafuta, au «non comédogène», yaani imetengenezwa isizibe vitundu vya ngozi. Ambaye bei ya krimu hizo inamshinda anunue gliserini ya farmasi, atie matone mawili tu kwenye kiganja chenye maji, apake uso ukiwa bado haujakauka. Gliserini si mafuta, inashika maji. Ikizidi inanata, na vumbi letu jekundu halihitaji kualikwa.

Mafuta ya nywele nayo yana kesi ya kujibu. Wasichana wengi wenye vipele vilivyopangana kwenye paji la uso, karibu na nywele, wanadhani ni ngozi yao mbaya. Tazama kichwa kimesukwa lini na kimepakwa nini. Pomadi ya kichwani inashuka na jasho, au inahamia kwenye foronya na kurudi usoni usiku. Funga kichwa kwa kitambaa unapolala, fua kitambaa hicho pamoja na foronya, na mafuta ya kichwa yaishie kichwani. Kwa wengine hilo peke yake linapunguza vipele katika juma chache.

Siku yenyewe ikifika, nawa, paka krimu yako nyepesi, na kama una krimu ya kukinga jua, paka baada yake. Kinga ya jua inatufaa sisi weusi pia, kwa sababu kipele kikipona kwenye ngozi yetu kinaacha doa jeusi, na jua linalifanya doa hilo likawie kuondoka. Halafu subiri. Hapa ndipo haraka yetu inatuponza. Krimu ikiwa bado mbichi, kila kitu kitakachofuata kitachanganyika nayo. Enda upige pasi kikwembe chako, ndipo urudi kwenye kioo.

Wenye uwezo wanaanza na ile krimu ya msingi inayoandikwa «base matifiante». Inasaidia, ila ipakwe pale panapong'aa tu: puani, kati ya nyusi, kidevuni. Kuipaka uso mzima ni kuitupa.

Fondoteni ya ngozi ya mafuta ni ile ya majimaji iliyoandikwa «matifiant», yenye kuzuia kung'aa. Ya fimbo na ile nzito ya kopo zina mafuta mengi mara nyingi. Kuhusu rangi, msikubali mwuzaji wa soko akupimie mgongoni mwa mkono. Mkono si uso. Paka kidogo kwenye taya, toka nje kwenye mwanga wa mchana, zunguka ununue nyanya na sombe, urudi baada ya saa moja uangalie tena. Fondoteni nyingi zikikaa kwenye ngozi yenye mafuta zinageuka, zinakuwa nyeusi au nyekundu kidogo kuliko zilivyokuwa kwenye chupa. Ndiyo maana kuna bibi-arusi ambaye asubuhi rangi yake inafanana na shingo, na katika picha za jioni kichwa na shingo ni vya watu wawili.

Paka kidogo. Kiasi cha maharagi mawili kinatosha uso mzima. Anza katikati, tandaza kuelekea pembeni, kisha gandamiza kwa eponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri. Usisugue. Panapoonekana doa, ongeza hapo tu. Tabaka moja jembamba likilowa mafuta utaweza kulitengeneza mchana. Tabaka tatu zikilowa zinapasuka kama udongo wa barabara ya Katuba, na hapo hata mpambaji wa pesa nyingi hana dawa.

Pudri vilevile: igandamizwe, na si uso mzima. Mashavu yakibaki na uhai kidogo ndiyo sura ya mtu. Talki ya watoto, ile nyeupe, inakunywa mafuta kweli, ila kwenye ngozi yetu inaleta rangi ya majivu. Zile pudri zinazoitwa hazina rangi nazo zinaweza kukudanganya: kwenye kioo huzioni, lakini mwanga wa kamera ukipiga zinarudisha mwanga wote, na katika albamu unabaki na uso mweupe kama wa mtu aliyeanguka katika gunia. Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kutoka, mtu akupige picha moja kwa simu, taa ya kamera ikiwa imewaka, katika chumba chenye giza. Ikiwa kuna weupe, utauona ungali na nafasi ya kuupangusa. Na unga wa bukari, tafadhali, ubaki jikoni.

Mwishoni wapambaji wengi wananyunyiza maji ya kukaza makiyaji, yaani «fixateur». Ni sawa. Laki ya nywele si sawa, hata kama umeona jirani akifanya hivyo. Ina alkoholi na gundi, inachoma macho, na haikutengenezwa kwa uso.

Sasa tuje kwenye mkoba wa mareni, maana kazi yote ya mchana iko humo. Awe na karatasi za kunyonya mafuta, zile nyembamba za «papier matifiant» kama zimepatikana. Zisipopatikana, karatasi ya choo iliyo laini inafanya kazi ileile: tenganisha tabaka, chukua moja tu, iweke puani, gandamiza kwa kidole ukihesabu mpaka tatu, inua. Usivute, usipanguse. Utaona karatasi imelowa mafuta na makiyaji yamebaki mahali pake. Fanya hivyo paji la uso, pembe za pua, kidevu. Ndipo pudri, kidogo sana, kwa kugandamiza. Mara nyingi hata hiyo pudri haihitajiki.

Jasho ni jambo lingine, na watu wanalichanganya na mafuta. Jasho ni maji. Likitoka juu ya mdomo na kwenye nyusi, mpepee bibi-arusi kwanza, gusa kwa kitambaa safi cha pamba, ungoja pakauke. Pudri juu ya jasho inaacha michirizi. Machozi, vivyo hivyo: ncha ya kitambaa chini ya jicho, ishike hapo, mwache alie. Mama yake anamtoa nyumbani, unataka asilie?

Mara tatu zinatosha kwa siku nzima: baada ya komini, kabla ya picha, na kabla ya kuingia ukumbini. Na afanye mtu mmoja. Kila shangazi akija na pudri yake ya rangi yake, kufika usiku bibi-arusi amekuwa ramani.

Nisiwasahau wamama walio nyuma ya nyumba, wenye mbabula nne na sufuria za watu mia mbili. Mbele ya makala usijipake kitu, moshi na mvuke utakinyima. Pika na uso mtupu. Chakula kikishatoka, nawa, kausha, paka krimu nyepesi, chora nyusi, tia wanja na ruji ya midomo, uvae kikwembe cha kundi, uingie kucheza. Dakika kumi. Nimewaona wamama wa namna hiyo wakiwa wazuri kuliko waliokaa kwenye kiti cha mpambaji tangu alfajiri.

Kuna ngozi nyingine ambayo makiyaji hayaishiki kabisa, na wapambaji wanaitambua kabla hawajaambiwa. Mashavu ni mekundu, ngozi ni nyembamba, mishipa inaonekana, vipele vidogo vimejaa, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Huyu amejichubua. Mara nyingi alianza kwa ajili ya siku hiyohiyo: miezi mitatu kabla ya ndoa, dada au rafiki anamletea krimu «ili ung'ae kwenye picha». Nasema jambo hili hapa kwa sababu wengi wanaouliza namna ya kufunika uso vizuri zaidi wanafunika madhara ya krimu hizo, na kila juma wanahitaji fondoteni nzito zaidi.

Tujue kilicho ndani. Krimu nyingi za kuchubua zina hidrokinoni. Ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta madoa ya buluu na nyeusi mashavuni, na kuyaondoa ni kazi ngumu mno. Nyingine zina klobetasoli au betametazoni, kwenye etiketi «clobétasol», «bétaméthasone». Hizi ni dawa za kweli, daktari anaziandika kwa ugonjwa fulani na kwa siku zilizohesabiwa. Zikipakwa kila siku usoni zinapunguza unene wa ngozi, zinaleta vipele na nywele za kidevuni. Wanaopaka mwili mzima wanaweza kukuta kidonda kinakawia kufunga, hata kile cha operesheni ya kuzaa.

Mbaya kuliko zote ni zebaki. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na ikiwa mwanamke ana mimba inafika kwa mtoto tumboni. Fikirini basi bibi-arusi anayejipaka miezi mitatu kabla ya ndoa, na mimba inayotazamiwa na ukoo wote baada yake. Mataifa yamepatana kuzuia zebaki katika vipodozi kwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambako watu wengi waliuawa na kulemazwa na zebaki iliyoingia katika samaki. Hata hivyo krimu hizo bado zinauzwa katika nchi nyingi. Kwenye etiketi tafuteni maneno «mercure», «calomel», «cinnabaris», «hydrargyri». Alama nyingine: ikiwa maelezo yanakuambia krimu isiguse pete wala mikufu ya dhahabu na fedha, iache dukani. Zebaki inakula dhahabu. Na kopo lisilo na jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo halistahili kufunguliwa, hata kama mwuzaji ni ndugu.

Ambaye tayari anatumia asione haya. Akiacha krimu ya klobetasoli aliyoizoea, uso unaweza kuwaka, kuvimba na kuwasha, na ndipo wengi wanakimbilia kopo jingine wakidhani ngozi inaidai. Aende kwa daktari, kwa daktari wa ngozi kama anapatikana, achukue kopo lenyewe mkononi ili lionekane, amwambie amepaka kwa muda gani. Kama ni mjamzito au ananyonyesha, aseme hilo kwanza. Na mama wa bibi-arusi, ukiona kopo la namna hiyo chumbani kwa mwanao miezi miwili kabla ya ndoa, ongea naye wakati huo, msiwe na wageni.

Yamebaki madogo. Eponji ioshwe kwa sabuni kila juma na ikauke kabisa, maana eponji mbichi ndani ya mkoba uliofungwa inaoza. Wanja na rangi ya kope ni vya mtu mmoja. Ugonjwa wa macho mekundu unapita hapo kwa urahisi. Nyuma ya paketi kuna picha ndogo ya kopo lililo wazi, lenye namba kama 6M au 12M: ni miezi ambayo kitu kinafaa baada ya kufunguliwa. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu, utashangaa nusu ya mkoba wako imezeeka.

Na usiku, hata kama karamu imekwisha alfajiri na miguu inauma, usilale na uso wa ndoa. Maji, sabuni laini, kitambaa safi. Asubuhi ya siku ya yenga watu watakuja kumtazama bibi-arusi bila makiyaji.

Juma lijalo tutaongea juu ya midomo inayopasuka katika baridi hii, ya watoto na yetu. Mwenye dawa ya nyumbani aliyoijaribu aje nayo kwenye mkutano.